Moyo Uliosimama Paredi Bila Kosa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mstarini, paredi ya asubuhi, na wanafunzi wote wa shule yetu wamekuwa mioyo.

Sisemi kwa mafumbo. Ilikuwa mioyo kabisa, ya nyama, kila mmoja na ukubwa wa ngumi, imevaa soksi nyeupe na kujipanga kwa vidato. Kidato cha kwanza mbele, cha nne nyuma, kama kawaida. Uwanja mzima ulinuka bucha. Nilishtuka, lakini nilishtuka kwa adabu, maana paredi ilikuwa imeshaanza.

Mtu nilikuwa mimi peke yangu. Naitwa Ambokile, kidato cha tatu, na ndimi mpiga kengele wa shule. Kazi hiyo sikuiomba. Makamu mkuu wa shule alinipa kama adhabu, akiamini itanikomesha utundu. Kumbe hajui. Hakuna njia tamu ya kuwaudhi watu wengi kwa pamoja kama kupiga kengele kwa wakati. Mimi napiga pale pale kijiko kinapokaribia mdomo. Siwahi, sichelewi. Hata walimu wananichukia, na hawana kosa la kunishika nalo.

Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mjohoro, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Katika ndoto mjohoro ulikuwepo, rimu ilikuwepo, na nondo ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Mwalimu wa zamu akatokea. Alikuwa saa ya ukutani, kubwa, yenye miguu myembamba kama ya korongo na fimbo kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Niite Afande," alisema Saa. "Leo ni ukaguzi. Wewe piga kengele, mioyo idunde. Pigo moja la kengele, dundo moja la moyo. Utakaowahi, magoti. Utakaochelewa, magoti. Nataka yote ifanane."

Nikapiga. Ngo. Ngo. Ngo.

Moyo wa kwanza unachelewa. Saa anasimama mbele yake na kuinama.

"Kwa nini umechelewa?"

"Mwenye mimi alikuwa anatoa pumzi, Afande," unasema moyo. "Akitoa pumzi huwa napunguza mwendo kidogo. Akivuta, naongeza. Ndivyo nilivyolelewa."

"Magoti."

Wa pili unawahi. Umewiva kuliko wenzake.

"Na wewe?"

"Nimemwona yule msichana Tusa anapita na ndoo, Afande."

"Magoti."

Wa tatu unaruka juu kabisa, soksi moja inavuka.

"Nimesikia leo kuna wali," unajitetea.

"Hakuna wali."

"Basi nitachelewa," unasema moyo, na kweli unachelewa.

"Magoti!"

Muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa umepiga magoti. Moyo hauna magoti, najua, lakini nidhamu ni nidhamu. Kila mmoja ulijikunja pale ulipoweza. Mmoja ulijikunja upande usiofaa ukaanza kuvuja, ukaambiwa uende kwa matroni.

Umebaki mmoja tu umesimama. Uko mstari wa nyuma, mkubwa kuliko mingine yote, umelegea na kuvimba kama mpira ulioingia maji, umejifunga khanga ya bluu yenye michoro ya korosho. Nikipiga, unadunda. Nikipiga, unadunda. Hauwahi hata kidogo, hauchelewi hata kidogo. Ngo, du. Ngo, du.

Niliijua khanga kabla ya kuujua moyo. Ilikuwa ya Mama mkubwa Atuganile, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu najifunza kutembea. Mama mkubwa amelazwa hospitali ya wilaya. Moyo wake umeishiwa nguvu za kusukuma damu. Miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii, na analala ameegemea mito, kwa sababu akijinyoosha tu pumzi inamkimbia. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba anaweza paredi.

Nikajaa fahari.

"Huyo wa kwetu!" nilimwambia moyo uliopiga magoti jirani yangu. "Unamwona? Hajakosea hata mara moja!" Kisha nikapaza sauti: "Hongera, Mama mkubwa!"

Moyo wake haukugeuka. Ulisema, ukipachika kila silabi katikati ya dundo na dundo:

"Ma." Ngo. "Ra." Ngo. "Ha." Ngo. "Ba."

Hakuna aliyekuwa amemwamkia.

"Moyo bora wa shule!" alitangaza Saa, na mishale yake ikasimama wima kwa heshima. "Mbele, tembea! Kapokee zawadi!"

Mama mkubwa anaanza kutembea, na uwanja haupo tena. Tuko kwenye korido ya hospitali, sakafu nyekundu iliyopigwa nta, madirisha marefu, harufu ya dawa. Mjohoro umekuja nasi. Umeota katikati ya korido na manesi wanauzunguka na sinia zao bila kulalamika. Mimi naendelea kupiga. Mwisho wa korido kuna mlango mweupe.

"We mtoto," ilisema sauti. "Unashangilia nini?"

Nikatazama huku na huku. Sauti ilitoka kwenye kikasha cheusi kilichoning'inia juu ya khanga ya Mama mkubwa, kidogo kama redio ya mfukoni, chenye nyaya zilizobandikwa kwenye moyo wake. Kilikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala tangu jana.

"Nani wewe?"

"Kikasha. Nimefungwa hapa nisikilize kila dundo, mchana na usiku. Kazi ya kuchosha. Hasa kwa huyu. Nimesikiliza watu wengi, lakini huyu hanisimulii kitu."

"Lakini anadunda vizuri," nilisema. "Sawasawa kabisa! Wote wamepigishwa magoti isipokuwa yeye."

"Waliopiga magoti wanakwenda nyumbani," alisema Kikasha. "Geuka uwaone."

Niligeuka. Ile mioyo yote iliyokosea ilikuwa inafunga mizigo, magodoro kichwani, ndoo mkononi, kama siku ya kufunga shule. Ilikuwa inataniana. Ule uliomwona Tusa ulikuwa umeshaanza kukimbia.

"Na huyu aliyesimama?"

Kikasha aliutazama mlango mweupe.

"Mlango ule," nilisema, "una nini upande wa pili?"

"Sijui. Nyaya zangu hazifiki. Ninachojua ni kwamba upande wa pili hauna kitasa."

Hapo nilishtuka bila adabu. Nilishtuka hadi soksi zangu zikageuka nyuma mbele. Mkono wangu, hata hivyo, ulikuwa bado unapiga kengele.

"Haiwezekani!" nilisema. "Kuwa sawasawa ndiyo uzima! Tumefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza. Kitanda sawa, mstari sawa, wakati sawa."

"Hayo ni mambo ya vitanda," alisema Kikasha. "Moyo mzima haurudii dundo lile lile. Unasikiliza. Ndani ya mtu kuna wawili wanaouongoza. Mmoja anasema, kimbia. Mwingine anasema, polepole, mama, polepole. Wanabishana kutwa, na moyo unayumba kidogo katikati yao. Pumzi ikiingia, unakwenda na huyu. Pumzi ikitoka, unarudi kwa yule. Kule kuyumba ndiko kusikiliza kwenyewe. Sasa kwa mama yako mkubwa, yule wa polepole amenyamaza. Wa kimbia amebaki peke yake, anapiga kelele bila kumeza mate. Moyo umeacha kusikiliza. Umebaki kutii."

"Kwa hiyo atakufa?"

"Mimi si mpiga ramli. Wapo walionyooka hivi wakapona, nikashangaa. Lakini wengi niliowasikia wakidunda namna hii, sikukaa nao sana."

Nataka kuacha kupiga. Mkono unakataa. Nimeuzoeza mwenyewe kutokosa, na sasa haukosi. Naukamata kwa mkono wa kushoto, na wa kushoto nao unaanza kufuata mdundo. Nauma mkono wa kulia.

"Afande!" mkono unapiga kelele. "Ambokile ananiuma!"

Saa anafika kwa hatua zake za korongo.

"Mpiga kengele," anasema, "ukikosa pigo moja, umefukuzwa shule."

Naomba msomaji apime uzito wa neno hilo. Nimetishiwa viboko, nimetishiwa kulima, nimetishiwa kuitiwa mzazi. Kufukuzwa sijawahi. Na mzazi ambaye angeitwa, na ambaye amekuwa akiitwa miaka yote, na kuja na khanga yake ya bluu kuniombea msamaha, alikuwa pale mbele yangu anatembea kuelekea mlango mweupe.

Nikapiga vibaya.

Nilipiga vibaya kwa moyo wangu wote. Ngo-ngo, nikatulia, ngongongo, nikatulia sana, ngo. Papo hapo moyo mmoja uliokuwa umelala kwenye kitanda cha magurudumu ukaruka ukiwa na kofia upande.

"Hapo sasa!" ulisema, ukiyumba hadi ukutani. "Huyu ndiye mpiga kengele! Nipeni cheti changu! Mimi tangu nizaliwe sijarudia dundo! Mimi ndiye mzima kuliko wote!"

Ukaanguka kifudifudi. Ile mioyo iliyokuwa inaondoka nayo ikachanganyikiwa, ikaanza kurukaruka sakafuni kama kuku waliochinjwa, magodoro yakatapakaa.

"Acha! Acha!" alifoka Kikasha. "Hiyo ni vurugu! Nimekwambia moyo usikilize, sikukwambia moyo ulewe! Huo ulioanguka nao una mlango wake!"

"Mimi nina milango miwili," ulinong'ona ule moyo sakafuni, kwa majivuno.

Nikatupa nondo. Iligonga sakafu, ikasema "samahani", ikaviringika chini ya benchi. Korido ikawa kimya.

Du. Du. Du.

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko mara zote. Mama mkubwa hakuwa akiisikiliza kengele yangu hata kidogo. Kengele alikuwa nayo ndani. Nilikuwa nimeacha kupiga, Saa alikuwa anatetemeka kwa hasira, mioyo ilikuwa inaokota magodoro, na yeye anatembea tu, dundo moja hatua moja, hatua moja dundo moja, na mlango mweupe ukijisogeza kumpokea.

Nikamkimbilia. Nikatembea kinyumenyume mbele yake.

"Mama mkubwa, una habari? Mchungaji amekalia keki ya harusi."

Du.

"Mjomba Gwamaka amenyoa masharubu. Kumbe chini yake hamna mdomo wa juu."

Du.

Hiyo ya mjomba, siku nyingine, ingemfanya acheke hadi ashike ukuta. Nikaona sina njia. Nikatoa uongo mkubwa kuliko wote nilionao.

"Mama mkubwa, nimefaulu Hisabati."

Kuta za korido zilikohoa. Nesi mmoja alidondosha sinia. Mama mkubwa: du.

Mlango ukafunguka. Ndani hakukuwa na giza wala mwanga. Kulikuwa sawasawa tu.

Sasa, Mama mkubwa hajawahi kuniamsha kwa kuniita. Tangu nikiwa mtoto, asubuhi anakuja kitandani kimya kimya, anapenyeza vidole mbavuni, ananitekenya hadi nakuwa sakafuni natukana kwa heshima. Mimi sijawahi kumfanyia hivyo. Haifanyiki. Humtekenyi mama yako mkubwa, kama vile humtumi dukani. Hata katika ndoto mikono yangu ilijua hilo, ikajificha mfukoni.

"Mama mkubwa," nilisema, "unisamehe kwa ninalotaka kulifanya."

Nikapiga magoti kama inavyotakiwa mbele ya mkubwa, nikamtafuta kwapa. Moyo hauna kwapa. Nikazunguka mbele, nikazunguka nyuma. Kila mahali ni mgongo.

"Hapo juu," alinong'ona Kikasha, amefumba macho kwa aibu. "Pale mshipa mkubwa unapotokea. Sikuoni. Mimi sijaona kitu."

Nikapenyeza vidole chini ya khanga, nikatekenya.

Du.

Nikatekenya tena.

Du.

Kisha hakuna.

Saa akainua fimbo akaiacha hewani. Manesi wakasimama. Kikasha akafumbua jicho moja. Lilikuwa pengo dogo, dogo sana, kama la mtu anayetua kabla ya kusema "ehe?" Lakini mimi nilikaa ndani ya pengo lile muda mrefu kuliko muhula mzima. Nilikuwa nimemuua. Niliwaza nitawaambia nini nyumbani. Mtu akiuliza, alikufa kwa ugonjwa gani, watasema: alitekenywa.

Du-du!

Mbili kwa pamoja, za haraka. Kisha moja ya uvivu. Pumzi iliingia, nikaisikia inapanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, na moyo ukaikimbilia kuipokea. Pumzi ikatoka, moyo ukaisindikiza taratibu. Kisha ukarukia kitu nisichokijua, labda kumbukumbu, ukarudi.

"Ambokile!" ulifoka moyo, maneno yote yakiwa mazima. "Hizo ni kucha au majembe? Unanikwaruza humu ndani! Shuleni huko wanawafundisha kuchimba?"

"Samahani, Mama mkubwa."

"Nani kakufundisha kumtekenya mama yako?"

"Wewe, Mama mkubwa."

"Kelele!" ulisema, na hapo hapo ukaanza kucheka. Moyo ukicheka unatoa sauti ya uji unaochemka. Khanga yote ilikuwa inatikisika. Kikasha alikuwa anarekodi kwa kasi, machozi yanamtoka, anasema, "Haya, mama. Haya. Endelea. Ehe? Halafu?"

Mlango mweupe ulisubiri kidogo. Kisha ukajifunga wenyewe, kwa heshima, bila kuubamiza.

Saa alikuja mbio. Lakini kila moyo pale koridoni sasa ulikuwa na wakati wake, na mishale yake haikujua ielekee wapi. Mmoja ulikwenda kwa ule wa Tusa, mwingine kwa Mama mkubwa, yote miwili ikachomoka ikaanguka. Akabaki uso mtupu wenye namba. Hata hivyo hakuacha ualimu.

"Ambokile," alisema, "umefukuzwa."

Akanisukuma kwa fimbo nje ya ndoto. Nje ya ndoto hapakuwa na sakafu.

Nilitua bwenini, chini, kutoka kitanda cha juu cha deka, na shuka shingoni. Kulikuwa kunapambazuka. Matroni wetu, Mama Mwaipopo, alikuwa amesimama mlangoni na simu yake mkononi.

"Ambokile, mbona uko chini?"

"Nimefukuzwa, matroni."

"Nani kakufukuza?"

"Saa."

Kwa kawaida matroni angenipigia kelele. Leo alinyoosha tu mkono, taratibu, akanipa simu.

"Ni dada yako Sekela," alisema. "Kutoka hospitali."

Sekela ni binti wa Mama mkubwa, ndiye anayemuuguza. Nilivyoona matroni hanigombezi, niliipokea ile simu kwa mikono miwili.

"Dada, shikamoo."

Nikasikia anavuta makamasi.

"Dada Seke, sema tu. Nimekaa chini tayari."

"Marahaba," alisema. "Mama ameamka."

"Ameamka vipi?"

"Ameamka kama watu wanavyoamka! Alfajiri ameshtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, nikaruka na mimi, nikajua ndiyo basi. Kumbe anacheka. Ameomba uji. Nimempa, ameukataa, anasema sijaweka sukari. Amekatazwa chumvi, si sukari, hilo analijua vizuri sana."

"Daktari amemwona?"

"Amekuja. Anasema tusishangilie, mgonjwa ni mgonjwa, dawa ziendelee. Lakini amemsikiliza kifua, halafu akasikiliza tena, akasema, 'Hee.'"

"Hee tu?"

"Hee tu. Kisha akaita mwenzake naye aje asikilize."

Nilipumua. Nilisikia moyo wangu ukipungua mwendo, nikauacha upungue.

"Sasa dada, mbona unalia?"

"Nina hasira!" alisema Sekela, na sauti ikampasuka katikati ya kilio na kicheko. "Juma zima nimelala kwenye kiti hapa, shingo imepinda. Hajaniuliza hata kama nimekula. Tangu amefumbua macho kazi yake ni kukugombeza wewe, wewe uliyeko huko! Manesi wanauliza, Ambokile ni nani, yuko wodi gani?"

"Ananigombeza nini?"

"Hata sijui. Anashika kifua, anasema umemkwaruza. Anasema ukate kucha."

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Ambo? Upo? Kwani umefuga kucha?"

Nilitazama mkono ulioshika simu.

"Kidogo, dada," nilisema.